Kaseti Moja tu ya Kaka

Juzi usiku binti yangu alinichomekea waya wa simu yake sikioni nisikilize albamu anayoipenda: vijana wa rock, magitaa ya polepole, mtu anaimba kama anayeongea peke yake. Nilivumilia nyimbo mbili, nikatoka nje. Hakujua amenigusa wapi.

Wewe uliyekulia Kalemie wakati wa kaseti utanielewa. Kaka yangu alikuwa na bendi, wavulana wanne, yeye mwimbaji, magitaa mawili na ngoma ya debe. Hawakupiga rumba wala nyimbo za kanisa, kwa hiyo hakuna aliyewaita arusini. Jirani yetu alisema ule ni muziki wa kufukuza wageni. Walijirekodia albamu yao sebuleni kwetu, nyimbo saba, mashuka yamefunika madirisha, na mama akakatazwa kukaanga ndagala, dagaa wetu wa ziwani, mpaka wamalize. Katika wimbo wa tatu mama anasikika akikohoa kwa hasira.

Umeme ukikatika usiku, kaka alitia betri kwenye radio, tukasikiliza kaseti yao gizani, mimi mkekani karibu na miguu yake. Sikuelewa huzuni ile ilitoka wapi. Niliipenda tu.

Homa ilimchukua kwa siku nne. Kwetu marehemu haendi mikono mitupu, basi siku ya mazishi mama aliniita. Kwetu kaka mkubwa huitwa yaya.

“Lete kintu kimoja chenye yaya yako alikuwa anapenda sana, tumuwekee.”

Nilikimbia nikaleta kaseti. Nilijiona mtoto mwenye akili kuliko wote pale. Mama aliiweka chini ya mkono wa kaka, fundi akapigilia jeneza misumari.

Matanga yalipoisha, wenzake watatu walikuja na kaseti tupu na radio ya kuazima.

“Mama, tunaomba tukopie ile kaseti,” alisema mpiga ngoma. “Njo ile moja tu tuko nayo.”

Mama alinitazama, kisha akawaambia wakae kwanza, wale. Hakunigombeza hata siku moja. Afadhali angenichapa. Watu husema majuto ni mjukuu. Mimi yalinikuta nikiwa na miaka tisa.

Sasa mama naye hayupo, na bendi imetawanyika. Mpiga ngoma nasikia yuko Kabalo. Maneno ya nyimbo zote ninayo, naweza kukuandikia hata leo. Sauti ya kaka ndiyo imenitoka. Namwona kaka akifungua mdomo, na sisikii kitu.