Mtumbwi, Mwambie Ashike Kafi

Simu ya msiba ilinikuta sokoni Mbalizi, nikibishana na mama mmoja muuza viazi kama kilichokuwa juu ya viazi vyake ni udongo au uozo. Aliyepiga ni rafiki yangu wa tangu ujana, ambaye sasa anaishi Iringa, kule Kihesa. Akasema kwa sauti ya chini, "Bwana, shemeji yako ametutoka. Alfajiri." Nikamwambia pole, nikamwambia nakuja, nikakata simu. Halafu, Mungu anisamehe, nikacheka. Nilicheka nimesimama palepale na kiazi mkononi, machozi yananitiririka, mpaka yule mama akaniuliza kama nimepokea habari njema au mbaya. Nikamwambia nimefiwa. Akanipa viazi vyote bila kubishana tena, nadhani kwa kuogopa. Wasomaji wa safu hii mnanijua, mimi si mtu wa kucheka misiba. Lakini huyu shemeji, kila nikimkumbuka, picha ya kwanza kunijia ni ile ya yeye kukunja khanga na kutimua mbio kwenye mchanga wa Matema, akimkimbia mzee wa watu ambaye hakuwa na habari naye kabisa.

Safu hii haina desturi ya kutaja watu majina, nami sitaanza leo. Itoshe kusema alikuwa Mhehe wa Iringa, muuguzi, mnene wa sauti na mwembamba wa kila kitu kingine, na kwamba aliolewa na huyo rafiki yangu, Mnyakyusa, tukiwa vijana wa ofisini pale Mbeya. Hiyo ilikuwa miaka ya sabini. Tulikaa Iyunga, nyumba zinatazamana, na Mbeya ya siku zile ilikuwa na baridi ambayo vijana wa leo hawaijui. Mwezi wa saba ulikuwa unamkuta mtu mzima ndani ya nyumba yake amevaa koti na soksi mbili. Ndipo rafiki yangu akaja na wazo kwamba sikukuu ya Saba Saba tusiende uwanjani kutazama maonyesho, bali familia zetu nne twende Matema, ziwani, kwao, tukapumzike ufukweni. Dereva wa lori tulilopata alituuliza kama tunakwenda kuvua. Tukasema hapana. Kuuza kitu? Hapana. Kuna msiba? Hapana, tunakwenda kukaa tu. Akatutazama kwa huruma. Akasema, "Kukaa tu, si mngekaa hapahapa?"

Kwa shemeji, hata hivyo, haikuwa safari ya kukaa tu. Harusi yao ilifungwa Iringa, na baba mkwe hakwenda. Alipopelekewa taarifa alijibu neno moja: "Nimesikia." Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Wengine walidai aliongeza kwamba mwanamke wa mbali hawezi kujua heshima za huku. Sasa walikuwa na binti wa miezi michache, na kwa ukoo wao jina la mtoto wa kwanza linatoka kwa babu. Babu alikuwa kimya. Kwa hiyo mtoto hakuwa na jina. Alikuwa anaitwa Mtoto, kliniki ameandikwa Mtoto, na mama yake aliyekuwa anacheka kila kitu hakulicheka hilo. Alikuwa anakwenda Matema kumtafutia binti yake jina.

Sasa, msomaji ambaye hukukulia huku, elewa jambo moja. Kwa Wanyakyusa wa wakati ule, mwanamke na baba mkwe wake hawakuonana. Si kwamba walichukiana. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yenyewe. Mzee akitokea njiani, mkwe anaacha njia, anaingia migombani, anajifunika, anageuza uso mpaka mzee apite. Hawasalimiani wala hawasemi maneno ya ana kwa ana. Rafiki yangu, kwa kuwa alikulia humo, hakufikiria kumweleza mkewe, kama vile mtu asivyofikiria kumweleza mwenzake kwamba mvua inalowanisha. Shemeji alielezwa ndani ya lori, baada ya Tukuyu, na wake wawili wa wenzetu waliokuwa Wanyakyusa. Alisikiliza kwa makini ya muuguzi anayefundishwa dawa mpya. Kisha akasema, "Kumbe ni kukimbia tu? Mimi shuleni nilikuwa nakimbia. Nitamkimbia huyu mzee mpaka anipende."

Lori likavunjika springi Ipinda. Rafiki yangu akabaki na dereva kutafuta fundi, sisi wengine tukadandia gari lililokuwa linakwenda kupakia mchele, tukafika Matema na masweta yetu kwenye joto kama wagonjwa waliotoroka wodini. Na hapo ndipo kosa lilipozaliwa, kosa ambalo nadhani haliwezi kutokea mahali pengine duniani. Kati yetu aliyemjua yule mzee kwa sura alikuwa mmoja tu, naye alikuwa Ipinda chini ya lori. Shemeji alipaswa kumkwepa mtu ambaye hajawahi kumwona, na ambaye, kwa heshima ileile, hakuna wa kumwonyesha. Basi akaamua mwenyewe. Karibu na nyumba tuliyofikia aliishi mzee mmoja wa kanisa, mrefu, mvi zimejaa, koti jeusi kwenye jua lile, na mkongojo. Shemeji akamwangalia mara moja tu, akasema, "Huyo ndiye." Kuanzia hapo ilikuwa kazi. Mzee akitoka kwenda kanisani, shemeji anaingia kichakani. Mzee akirudi, shemeji anajitupa nyuma ya mitumbwi na sufuria la dagaa mkononi. Jioni yule mzee wa watu alinijia, akaniuliza kwa upole kama kuna jambo baya limesemwa juu yake huko Mbeya. Nikaona ameanza kunusa koti lake.

Wakati huohuo alikuwapo mtu mwingine pale ufukweni, mfupi, kichwa kimenyolewa, kaptula na kifua wazi, mtu wa kupiga mluzi. Alikuja na mtumbwi wake na mkungu wa ndizi, akakaa mchangani kama anamsubiri mtu. Shemeji alimsalimia kwa sauti yake yote, "Kamwene, baba," salamu ya kwao, naye akacheka akaiitikia vibaya, wakawa marafiki. Yule bwana alimfundisha kutumbua mbasa, samaki wa ziwa lile, shemeji akamfundisha kusonga ugali wa Kihehe, ambao bwana alisema unafaa kujengea. Nani angedhani? Yule bwana alikuwa anamsubiri mwanawe afike na mkewe, kwa sababu kwa akili yake mke hufuatana na mume. Na tena alikuwa ameambiwa mkwe wake ni nesi msomi, kwa hiyo macho yake yalikuwa yanatafuta gauni jeupe na viatu. Huyu mwanamke pekupeku aliyejaa magamba ya samaki alimwona ni mke wa mmoja wetu sisi wengine. Nasi hatukumuuliza jina, maana tangu lini kijana anamuuliza mtu mzima jina lake?

Kesho yake yule bwana akamwambia shemeji apande mtumbwi aone ziwa. Mtoto akaachwa mikononi mwangu. Tuliwaona wanakwenda polepole, sambamba na ufukwe, kuelekea kwenye miamba, na kicheko cha shemeji kinatufikia juu ya maji. Yaliyosemwa huko alitusimulia mwenyewe mara nyingi, kila mara kwa nyongeza kidogo. Alikuwa anamlalamikia baba mkwe wake. Alimwambia kwamba mzee ana roho ngumu, koti havui hata juani, na yeye anamkimbia kutwa nzima hadi magoti yamechubuka, lakini hajampa mtoto jina. Yule bwana akasema mzee wa namna hiyo hafai, angekuwa yeye angelitoa siku ileile. Shemeji akashukuru. Na hapohapo rafiki yangu akatokea ufukweni, anatoka Ipinda, mafuta ya gari hadi masikioni, amevaa shati lake jekundu. Shemeji akanyosha mkono: "Yule pale mume wangu." Yule bwana akaangalia. Akauliza taratibu, "Mwenye shati jekundu?" Akajibiwa, "Ndiye." Mluzi ukakatika. Na kutoka kando yangu nikamsikia rafiki yangu akimwita baba yake kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya mtu aliyeona nyumba yake inaungua, "Tata."

Mzee aliruka. Hakuaga, hakueleza, alijirusha ziwani kinyumenyume, kafi mkononi, kwa heshima zote. Mtumbwi ukayumba, ukapinduka, na shemeji, ambaye maji mengi aliyowahi kuingia ni ya beseni, akaenda nao. Sisi tukaanza kukimbia. Kukimbia kwenye mchanga wa Matema umebeba mtoto ni kama kukimbia ndotoni. Nikamwona shemeji anapiga maji kwa mikono. Nikamwona mzee amegeuza mgongo, uso ameuelekeza milima ya Livingstone, na mkono mmoja ameurudisha nyuma akimnyoshea kafi. Sasa ilimpasa kusema naye, na kusema naye hairuhusiwi, na mtu wa kupeleka maneno hayupo. Akauambia mtumbwi. Sisi wote tulisikia: "Mtumbwi, mwambie huyo mama ashike kafi." Na shemeji, maji yanamwingia mdomoni, naye alikuwa amefumba macho ili asimwone, akajibu: "Mtumbwi, mwambie baba nimeshika."

Akamvuta hivyo mpaka ufukweni, bila kugeuka hata mara moja. Alipofika pakavu aliliachia kafi, akaenda zake moja kwa moja mpaka migombani. Wake zetu wakamzunguka shemeji kwa khanga. Kwa mara ya kwanza nilimwona analia. Alisema, "Nimemtukana mbele yake. Mtoto wangu atabaki hivyohivyo." Hata watoto waliacha kucheza. Kisha kutoka migombani ikaja sauti, tena ikizungumza na mtumbwi uliokuwa bado unaelea tumbo juu: "Mtumbwi, mwambie huyo mama, mtoto ataitwa jina la mama yangu. Naye alikuwa na domo." Nadhani kicheko chetu kilisikika ng'ambo ya ziwa. Yule mzee wa kanisa alikuja na koti lake kuuliza kuna nini, na shemeji, kwa mara ya kwanza, hakukimbia. Alimshika mkono akamwomba radhi, na mzee akasema amefurahi, maana alikuwa amekwishaanza kutubu.

Tangu siku ile waliongea hivyo, yule mzee na mkwe wake, miaka yote. Kigoda, mwambie huyo mama chai imezidi sukari. Kuku, mwambie baba sukari ameiomba mwenyewe. Mzee hakuwahi kumwangalia usoni, na sijui baba aliyempenda mkwe kuliko yeye. Siwadanganyi kwamba desturi ile ilikuwa nyepesi. Waliochubuka magoti ni wanawake, wazee hawakuchubuka kitu. Ilipokwisha sikuililia. Ila naangalia siku hizi: wakwe na wakwe wako kundi moja la simu, wanaonana kutwa, kila mmoja anamwambia mwenzake kila kitu ana kwa ana, na wanaumizana ana kwa ana vilevile. Uso tumeufunua. Kafi la kunyosheana tumeliweka wapi?

Nilifika Iringa kabla ya mazishi. Lile kafi liliegemezwa ukutani sebuleni, palepale lilipokaa miaka yote, na binti mwenye jina la mama wa babu yake alikuwa anawapokea watu, naye ana domo kweli. Tuliporudi kutoka makaburini rafiki yangu alinivuta pembeni. Alisema siku za mwisho mkewe alimfungulia siri. Siku ile Matema, alipoanguka, miguu yake iligusa mchanga. Maji yalikuwa ya kifuani. Angeweza kusimama wakati wowote, lakini angesimama wangekuwa uso kwa uso, yeye na mzee, khanga imemng'ang'ania mwilini. Basi alikunja magoti, akafumba macho, akaendelea kupiga maji ili mzee apate kumwokoa.

Nikashindwa kujizuia. Nikamwambia nami siri yangu, niliyopewa na baba yake miaka mingi nyuma, nilipompelekea tumbaku. Mzee aliniambia: "Maji yalikuwa ya kifuani, kijana. Lakini ningesimama, angejua naye anaweza kusimama, angeaibika. Nikapiga magoti chini ya maji, nikatembea kwa magoti mpaka nchi kavu." Rafiki yangu alinitazama. Aliwaona sasa kama ninavyowaona mimi: watu wazima wawili, wamepiga magoti ziwani, wanavutana kwa kafi kwenye maji ya kifuani, kila mmoja anamstiri mwenzake na hakuna anayejua kwamba mwenzake anajua. Tulicheka, bwana. Tulicheka ukutani pa nyumba ya msiba tumeshikana mabega, mpaka kina mama wa kanisa wakatoka kututazama, na rafiki yangu akawa analia na kucheka bila kujua kipi kimeanza.

Nimefikiria njia nzima ya kurudi Mbeya somo ni lipi, nikaona ni hilohilo: mara nyingine kupendana ni kupiga magoti mahali ambapo ungeweza kusimama. Zaidi ya hapo nina neno moja, na kwa kuwa mwenyewe siwezi tena kumwambia ana kwa ana, nalipeleka kwa njia aliyoizoea. Gazeti, mwambie shemeji, mzee naye miguu yake iligusa chini.