Habari ya Pondo Niliyoiacha

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya miaka ya hamsini, hapa Ifakara, ambayo mpaka leo hainitoki. Nilikuwa kijana wa kutembea na kalamu kwenye mfuko wa shati hata wino ulipokwisha. Shule niliishia darasa la pili, nikatolewa nikafukuze ndege kwenye mpunga. Ila barua niliweza, tena nilikuwa na maneno niliyoyakariri, nikiwaandikia watu wote yale yale.

Basi akaja Mama Kasiani. Mumewe, mvuvi, alikuwa hoi kitandani, na mtoto wao wa pekee, Kasiani, alikuwa anakata mkonge upande wa Kilosa. Mama alitaka aje amkute baba yake hai.

"Mwambie Kasiani kuwa baba yake amempa jirani pondo lake," akasema.

Pondo ni ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Mzee yule lake alilichonga mwenyewe, hata Kasiani hakuruhusiwa kulishika.

"We kijana, mbona kalamu inakimbia na mimi sijamaliza?"

"Mama, mambo ya barua niachie mimi."

"Haya, bwana karani. Pondo umeliandika?"

"Nimeandika."

Sikuandika. Niliona ni porojo za wazee, zitaniharibia barua. Nikaweka yale yangu: ama baada ya salamu, baba yako mgonjwa sana, njoo upesi.

Mzee alikuwa akigeuza uso mlangoni kila akisikia hatua. Akafa hivyo. Kasiani alipofika, kaburi limeshaota nyasi. Akanijia na barua mkononi. Hakunipiga, afadhali angenipiga.

"Kambini barua hii tulikuwa nayo watu watatu, neno kwa neno," akasema. "Wenzangu wawili walikwenda, wakakuta wazazi wana mafua tu. Yangu ilipokuja tukaicheka. Ndugu yangu, ungeniandikia habari ya pondo, ningekuja kwa miguu."

Juzi mjukuu wangu alinisomea rambirambi za kumpelekea rafiki yake aliyefiwa na mama. Mashine ya kwenye simu ndiyo iliyoandika zote. Nzuri, kuliko zangu za zamani. Nikamuuliza, "Huyo mama ulikuwa unamjuaje?"

Akasema, "Alikuwa ananiwekea ukoko wa wali, babu." Machozi yakamtoka.

"Basi andika ukoko."

Mashine hizo sizijui. Pengine zina akili kunishinda, na kunishinda mimi si kazi. Lakini siku ile mimi mwenye pumzi nilikuwa na maneno yote, na mtu mbele yangu sikumsikia. Kwa hiyo nakuambia, mwanangu: mtu akikueleza lake, tua kalamu mpaka amalize. Lile dogo unaloliona porojo, libebe lilivyo. Na penye msiba weka neno lako mwenyewe, hata likiwa limepinda.

Mungu akupe sikio. Na siku utakapolala kitandani, akujalie mtu wa kuipeleka habari ya pondo lako, ifike kabla hujafumba macho.