Shule Zisizo na Sare

Kule kwao, fundi cherehani alichagua shule kwa vidole: alizoea kumsimamisha mwanafunzi anayepita, akapapasa pindo la sare yake, akajua kama walimu wa pale wanajali. Huku ugenini ameshazungushwa shule baada ya shule, na kila mtoto kajivalia anachotaka. Kichwa kimemvurugika. Mumewe anamsomea matokeo ya mitihani ya shule hizo. Yeye anaitikia "ehe", macho yakihangaika kwenye kola za watu, vidole vikisuguana bure.

"Mama watoto, tuamue basi."

Fundi akamvuta bintiye karibu, akamnyooshea kola ambayo haikuwa na kasoro.

"Huyu akipotea njiani," akauliza taratibu, "watu watajuaje wamrudishe wapi?"