Theluji Iliyotandika Kitanda

Blanketi la sufu likilowa hutoa harufu ambayo hakuna sabuni inayoiweza. Harufu ya kondoo, ya moshi wa mafuta ya taa, na kwa hili la kwetu, ya dawa ya kuchua kifua. Kila mwaka, baridi inapokaribia, hulitoa kabatini nikalifua kwenye beseni, na kila mwaka harufu ile hunirudisha Joubert Park, Johannesburg, ghorofa ya tano, mwaka 2012. Nilikuwa na miaka tisa, na Bibi alikuwa bado hai.

Flat yetu ilikuwa imegawanywa kwa mbao. Upande mmoja tuliishi sisi: Baba, Mama, mimi na Bibi mzaa baba. Upande wa pili aliishi fundi cherehani wa Kisotho ambaye wote tulimwita 'M'e Mpho, kwa kuwa kwao 'm'e ni mama. Mbao zenyewe zilikuwa nyembamba kiasi kwamba nikipiga chafya usiku, yeye ndiye aliyeniombea afya. Sisi ni Warundi, lakini Baba alikulia kambini Tanzania, ndiyo maana nyumbani tulisema Kiswahili. Mimi nilikichanganya na Kizulu cha shuleni mpaka Bibi akamuuliza Mama kama nimerogwa.

Bibi alikuja mwaka mmoja kabla, kambi yao ilipoanza kufungwa. Alifika na shangazi kaja moja, ule mfuko mkubwa wa nailoni wenye mirabaraba, na kifua cha pumu. Nilipewa nafasi ya kulala naye kitanda kimoja. Nawaambia, sijawahi kulala usingizi mtamu kama ule tena. Alinuka tangawizi na sabuni ya mche, na alipokohoa kitanda kizima kilitikisika, nami nikaona ni jambo la kawaida tu, bibi wote wanatikisa vitanda.

Daktari wa kliniki hakuona ni jambo la kawaida. Alisema baridi ya Johannesburg haifai kwa kifua kile. Shangazi yangu alikuwa Durban, mjini kwenye joto la pwani, na ikakubaliwa kwamba Bibi akakae kwake mpaka baridi ipite. Park Station ilikuwa chini ya dirisha letu, mabasi ya Durban tukiyasikia yakinguruma kila siku. Lilikuwa jambo la kushuka ngazi tu.

Mwezi wa tano ulikuwa haujaisha 'M'e Mpho aliporudi kutoka kwao milimani Lesotho. Alikuja na blanketi hili, akamfunika Bibi mabegani, akalifunga kwa pini kubwa kama wanavyovaa wao. Kisha akamgeukia Baba, akasema kwa ule mchanganyiko wake wa Kiingereza na maneno machache ya Kiswahili aliyotuibia, kwamba milima yote ni myeupe tayari, na safari hii theluji haiyeyuki.

"Ikiwahi hivi na ikakaa, ujue ni ya kwanza tu. Hii inatandika kitanda, baba. Zingine zinakuja kulala."

Baba alimwamini. Jumapili iliyofuata alikunja nguo za Bibi akazipanga kwenye shangazi kaja, akaliweka kando ya mlango.

Ndipo hali ya hewa ikatuchezea. Lilikuja juma zima la jua, lile jua la Johannesburg la mchana ambalo humfanya mtu avue sweta na kulisahau. Bibi alikaa dirishani akiota jua, kikohozi kimetulia, akaanza kumcheka 'M'e Mpho. Kwetu hakuna theluji, lakini kuna mvua ya mawe, na Bibi aliijua vizuri. Mvua ya mawe hupiga mara moja, inachana migomba, inagonga mabati mpaka watu hawasikilizani, kisha imekwisha. Jua linawaka, watoto wanatoka kuokota mawe ya barafu na kuyatafuna.

"Mbingu ikishatapika imepata nafuu," alisema. "Hiyo ya milimani imeshaanguka. Imebaki nini tena?"

Baba akajaribu. Nakumbuka alikuwa amevaa bado ile fulana yake ya kumetameta ya kulindia magari ya watu nje ya maduka kule Kensington. Alichuchumaa mbele ya mama yake.

"Mama, Durban ni pazuri. Ungekwenda, ukarudi baridi ikiisha."

"Mwanangu, unanifukuza?"

"Yoo! Hapana, Mama."

"Basi niache nikae na mjukuu wangu."

Mambo yakaishia hapo. Kwetu mzazi akiwa nyumbani kwako haambiwi nenda mara mbili. Mara ya kwanza ni ushauri, ya pili ni kumtoa nje. Baba aliinuka, akafungua shangazi kaja, akamrudishia mama yake nguo moja moja rafuni. Mimi nilirukaruka kwa furaha. Nilijua jambo moja tu, kwamba kitanda hakitakuwa kitupu.

Kisha baridi ikaja. Ikaondoka siku mbili, ikarudi kali zaidi, na kila iliporudi 'M'e Mpho alituambia milima imeongeza weupe. Dirisha letu lilikosa kioo kimoja, tukaziba kwa katoni. Hita ya umeme tuliiwasha na fyuzi za jengo zima zikakatika, majirani wakatutukana kwa lugha sita. Bibi akaacha kucheka. Alilala amekaa, mgongo ukiegemea ukuta, na blanketi likanuka dawa ya kuchua.

"Baba, ule mfuko uko wapi?" 'M'e Mpho aliuliza mlangoni.

"Eish, 'M'e. Tutaona."

"Mwambie aende."

Nilimwona Baba akiitazama mikono yake, nikadhani labda hajasikia.

Mwezi wa nane, wakati sisi tukihesabu baridi imekwisha, theluji ikaanguka Johannesburg yenyewe. Walimu waliturudisha nyumbani mapema, nami nikakimbia nikiwa nimefungua mdomo ili iniangukie ulimini. Kwenye robot, zile taa za barabarani, magari yalisimama hata taa ilipowaka kijani. Wauza ndizi waliacha meza zao wakapigana picha. Bustani nzima ya Joubert Park ilikuwa nyeupe, na wanaume wazima walikuwa wanarushiana matonge wakicheka kama wendawazimu.

Nilipanda ngazi na theluji viganjani kumpelekea Bibi, nikafika na maji. Alikuwa dirishani, amevaa blanketi lake kama chifu, Mama amemshika kiuno. Aliushika mkono wangu uliolowa akauweka shavuni mwake. Shavu lilikuwa la moto.

"Kumbe haina kelele," alisema. Alitazama muda mrefu. "Ningejuaje? Haina kelele kabisa."

Bibi alifariki kabla juma lile halijaisha, hospitalini, Baba akiwa ameshika miguu yake iliyokuwa haipati joto. Nililia mpaka nikatapika. Usiku wa kwanza kitandani peke yangu nilisubiri kitanda kitikisike. Na Baba, mtu aliyekuwa akiimba akinyoa ndevu, aliacha kuimba, akaacha hata kukohoa kwa sauti.

Nilikuwa sekondari mwalimu wa jiografia alipotueleza. Theluji nyeupe hulirudisha jua angani. Ardhi iliyo chini yake haipati moto, hewa iliyo juu yake inabaki baridi, na baridi inayofuata inakuta mahali pameandaliwa. Sijui milima ya mbali ilichangia kiasi gani katika yaliyotupata sisi, lakini darasani pale nilisikia sauti ya 'M'e Mpho ikizungumzia kitanda. Nilirudi nyumbani nimekasirika. Nilimwambia Baba yote, neno kwa neno, kana kwamba alikuwa mwanafunzi aliyefeli. Nilitaka ajue kwamba lile juma la jua lilitudanganya.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua, mwanangu. Halikunidanganya. 'M'e aliniambia, na nilimwamini."

"Sasa mbona hukumwambia tena aende?"

Baba aliitazama tena mikono yake, nami safari hii nilijua amesikia.

"Askari walimwambia nenda, akiwa na mimba yangu. Tanzania wakamwambia nenda, akiwa mzee. Kila alipotandika kitanda alikuja mtu akamwambia nenda. Na mimi nimwambie?"

Hasira yangu yote iliishia pale. Ningepewa nafasi leo, ningemkokota Bibi mwenyewe mpaka Park Station, na moyo ungeniuma vilevile. Kuna makosa ambayo huwezi kuyakataa bila kumkataa mtu aliyeyafanya, nami simkatai baba yangu. Nilimpikia chai tukanywa.

Tulipomrudishia baada ya msiba, 'M'e Mpho alikataa kulipokea blanketi lake. Likikauka jioni hii nitalipeleka kwa Baba, ambaye sasa kifua kimeanza kumsumbua. Nitamfunika mabegani na kulifunga kwa pini. Mwaka huu theluji imewahi milimani, na shangazi bado yuko Durban. Nitamshauri aende, mara moja tu.