Gauni Jekundu Lililochuja

Nilipotoka Arua na cherehani yangu kwenda kufungua kibanda Koboko, karibu na mpaka wa Sudan Kusini, neno kuchuja, ukiacha lile la kuchuja chai, nililijua kwa maana moja tu: nguo kutoa rangi inapofuliwa. Vijana wa sokoni walinifundisha maana ya pili. Mchezaji akipokonywa mpira mara mbili, amechuja. Fundi ambaye wateja wamemhama, amechuja. Mtu akishaitwa hivyo, kurudi katika heshima yake ni kazi.

Kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa ya mama mmoja mkimbizi kutoka Sudan Kusini, muuza samaki wakavu. Mjukuu wake alikuwa anabatizwa, naye akataka gauni jekundu la kuvaa siku hiyo. Kitambaa nilimchagulia mwenyewe, tena nikakisifu. Jumapili ya ubatizo mvua iliwakuta njiani. Alifika kanisani amembeba mtoto kifuani, na kanzu nyeupe ya mtoto ilikuwa imeingia wekundu mbele yote.

Jumatatu nilimwona anakuja na mfuko. Nilikuwa na wateja watatu, nikajua nimekwisha. Lakini aliketi kwenye benchi, akazungumza nao habari za mvua na barabara mbovu, mpaka wa mwisho akaondoka. Ndipo akalitoa gauni.

"Fundi, hii nguo imechuja," alisema taratibu. "Mimi hapana sema mbele ya watu. Wakisikia, watasema ni wewe umechuja, na wewe iko mpya hapa."

Aliomba maji kwenye beseni na kipande cha kitambaa kilichobaki. Akakilowesha, akakisugua juu ya kitambaa cheupe; wekundu ukabaki pale. Akaniambia nifanye hivyo kila mara kabla ya kushika mkasi. Juma lililofuata nilimshonea gauni jingine. Alilivaa, kisha akaniletea wenzake wa kwaya.

Siku hizi nimerudi Arua, nina mafundi wawili, na hakuna kitambaa kinachokatwa kwangu kabla ya kujaribiwa kwa maji. Mwaka jana nilikwenda Koboko kwenye msiba. Nikamtafuta mama yule sokoni, nikamshukuru kwa yote: kwamba alinisitiri, na kwamba watoto wangu wanakula kwa sababu yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo. Habari za gauni alikuwa amezisahau kabisa. Akaniuliza kama nimekula, akanisogezea sahani ya mihogo yenye mchuzi wa ufuta, tukala pamoja.