Kitufe Kilichoganda

"Baba, imepotea yote!"

Mwanafunzi huyo wa kampasi ya Mazimbu alibakiwa na nusu saa kukabidhi ripoti yake, na kompyuta ya dukani kwangu ilionyesha ukurasa mtupu.

"Usiguse kitu. Umebonyeza nini?"

"A tu. Maandishi yote yakawa ya bluu, nikashtuka, nikafuta."

Nilielewa. Ctrl peke yake haifanyi kitu. Ikishikiliwa, hubadili kazi ya vitufe vingine. Hii ilikuwa imeganda chini kwa chai niliyoimwagia asubuhi. A ilichagua ripoti nzima. S ingehifadhi utupu ule.

Nikabonyeza Z, ambayo pamoja na Ctrl hurudisha kilichofutwa. Ripoti ikarudi, nami nikamweleza kuhusu chai yangu.

"Na bango lako linakataza wateja kunywa chai," alisema, akiikimbilia printa.