Siku Babu Alipojishuku Mwenyewe

Juzi mlinzi wa supamaketi moja hapa Nakuru alinipekua mkoba kwa kile kijiti chao cha kunusa chuma ambacho nimekipita miaka yote bila kukisikia kikisema neno. Siku hiyo kikasema. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani, akatoa ganda la risasi la shaba, nene kama kidole gumba changu, limezibwa mdomoni kwa kipande cha gunzi la mahindi.

"Mathe, hii ni nini?"

Nikajibu, hata kabla ya kufikiri, kwamba ni chombo cha ugoro cha marehemu nyanya yangu.

"Ugoro? Ndani ya risasi?" Akalitikisa karibu na sikio. Halikutoa sauti. "Na wewe kwani unafanya kazi gani?"

Nilimwambia naandika makala, na nadhani hilo ndilo lililomtia wasiwasi kuliko ganda lenyewe. Alinitazama kutoka kichwani hadi viatuni, akaona mama wa makamo mwenye miwani na karatasi iliyoandikwa unga, sabuni, majani chai, akanirudishia. Lakini macho yake yalinifuata hadi kwenye rafu za mchele. Sikukasirika. Nililelewa chini ya macho kama yale.

Wewe nitakwambia ukweli ambao mlinzi sikumwambia. Mkoba haukuwa wangu. Ulikuwa mkoba wa kanisani wa nyanya, na shangazi alinipa baada ya mazishi mwezi uliopita. Ule mfuko wa ndani sikuwa nimeufungua. Ganda lile tuliliona pamoja, mimi na mlinzi, na nadhani mimi ndiye niliyeshtuka zaidi.

Babu alikuwa fundi katika shamba kubwa la ngano na viazi kule Mau Narok. Mwenye shamba alikuwa amelinunua kutoka kwa mzungu pamoja na matrekta, ng'ombe na babu yangu. Tuliishi kwenye nyumba ya mbao nyuma ya ghala, mahali ambapo asubuhi majani ya viazi yalikuwa meupe kwa jalidi na maji ya karai yalikuwa na ngozi nyembamba ya barafu. Tulikula viazi vilivyochomwa kwenye majivu, tukivirusha kutoka kiganja hadi kiganja, na maziwa lala yenye vumbi la mkaa. Nikinusa makapi ya ngano hata leo, meno yangu huanza kugongana kwa baridi isiyokuwepo.

Adui wa viazi alikuwa nguruwe mwitu. Uwindaji ulikuwa umepigwa marufuku nchi nzima, lakini nguruwe wa msitu wa Mau hawakusoma gazeti, na mwenye shamba alikuwa na kibali cha kulinda mimea yake. Ndivyo alivyosema. Kibali chenyewe kilikuwa kimekunjwa mara nyingi hivi kwamba hakuna aliyeweza kukisoma, na hakuna aliyeomba. Mbwa walimzingira nguruwe hadi akasimama, kisha mwenye shamba akasogea hatua chache na kummaliza kwa bastola kubwa ya matundu sita. Risasi zake hazikupatikana kirahisi madukani, kwa hiyo zile zilizokwisha kupigwa babu alizijaza upya.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya stoo. Maganda yaliyopigwa niliyasugua mimi kwa majivu na limau hadi yakang'aa. Babu alikwangua kila ganda alama moja ya tupa kwenye ukingo wa kitako, kuonyesha limejazwa mara ngapi, na likifika alama tano alilitupa. Yaliyobaki aliyatia chini fataki mpya, kile kidonge kinachowasha baruti kikigongwa, kisha akayasimamisha yote kwenye ubao wenye matundu hamsini, mistari mitano ya kumi kumi, midomo juu. Kila moja alilipimia baruti kwa mizani ndogo kuliko sahani ya kikombe. Mwishoni alipitisha tochi juu ya ubao, akichungulia kila ganda kama daktari anayechungulia koo, ndipo alipoyafunga kwa vichwa vya risasi.

Mwenye shamba alitaka risasi zenye kishindo. Babu alikataa. "Baruti ya kiasi inaua nguruwe," alisema, "baruti ya sifa inaua mwenye bunduki." Hakuamini kishindo, hakuamini mizani mpaka aipime mara mbili, wala mkono wake mwenyewe. Alikuwa na sheria kwamba akikatizwa katikati ya kazi, hata kwa salamu, alimwaga baruti yote akaanza upya. Na yeyote aliyetoka stoo, awe nyapara, awe mwenye shamba mwenyewe, aligeuza mifuko yake nje mlangoni. Punje ya baruti haikutoka mle. Kikulacho ki nguoni mwako, alituambia, naye akazikagua nguo.

Nyanya naye alikuwa na siri ya ukubwa wa punje. Alikuwa ameokoka, akavaa kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa, akasimama mbele ya watu wote akautupa ugoro wake kwenye moto. Alitupa ule wa siku hiyo. Mwingine aliendelea kuusaga nyuma ya jiko, yeye na jirani yetu, mama mmoja wa kanisa hilo hilo, na mimi ndiye niliyepeleka mzigo kutoka mlango hadi mlango. Tulikuwa watu wa kushukiana, lakini kwa upendo.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua ya mawe. Nyanya alinipa ugoro umefungwa kwenye kipande cha karatasi, nami nilikuwa napita nyuma ya stoo mawe yalipoanza kunipiga kichwani. Mlango ulikuwa wazi. Babu alikuwa ameitwa na nyapara kwenye trekta lililokwama. Nikaingia. Ubao ulikuwa mezani, mistari mitatu tayari ina baruti, miwili mitupu, na nikasimama nikiutazama kama mtu anayetazama keki ya wenyewe.

Ndipo nikasikia viatu vya babu kwenye matope.

Nilikuwa na mfuko mmoja, na ndani yake mlikuwa na aibu ya nyanya. Nilijua ungegeuzwa nje. Sikufikiri zaidi ya hapo. Nikafungua karatasi, nikaumimina ugoro wote kwenye ganda la kwanza la mstari wa nne, nikaisokomeza karatasi kwenye ufa wa ukuta. Bila kujua nikawa nimepima sawasawa.

Babu aliukagua mfuko wangu, akapata kifungo cha sweta, akanifokea na kunifukuza kwenye mvua. Kisha nikamchungulia dirishani. Kwa sheria yake alipaswa kumwaga yote. Lakini kopo la baruti lilikuwa la mwisho, mwenye shamba alizitaka risasi asubuhi ya pili, na tochi ilikuwa na macho mekundu ya betri zilizochoka. Akahesabu. Nilimwona akihesabu tena, midomo ikitembea. Alikumbuka thelathini, ubao ukasema thelathini na moja. Akajipiga paji la uso kidogo, kama mzee anayecheka usahaulifu wake, akaendelea na ganda la thelathini na mbili.

Maisha yake yote alimshuku kila mtu. Siku hiyo moja alijishuku yeye akaniamini mimi.

Ningeweza kugonga kioo. Nilikuwa na miaka tisa, na akili ya kutosha kujua baruti si ugoro. Nilienda nikala viazi.

Risasi ile ilipigwa Jumamosi, hatua tano kutoka kwa nguruwe dume aliyezingirwa na mbwa. Haikunguruma. Fataki ilisukuma kichwa cha risasi nusu ya mtutu, kikakwama hapo. Mwenye shamba alikuwa amefundishwa na babu kwamba bastola ikikohoa usiivute tena, la sivyo itapasukia mkononi, kwa hiyo hakuivuta. Alisimama na chuma kisicho na kazi, na nguruwe akamfikia. Alimpasua paja kabla nyapara hajamchoma mkuki. Mbwa mmoja hakurudi.

Mwenye shamba alikuja kwetu jioni hiyo hiyo, paja limefungwa, akitegemea bega la nyapara. Akaiweka bastola mezani, kando ya sufuria ya uji, na ganda kando yake.

"Mzee, ulitaka nife?"

Si swali dogo kule kwetu, mtu mwenye ardhi akimuuliza mtu asiye nayo. Nyapara aliangalia sakafu. Babu akaivuta bastola kwake. Alichukua ufito wa shaba, akausukuma mtutuni polepole, hadi kichwa cha risasi kikaanguka mezani, na nyuma yake vumbi la kahawia. Akaligusa kwa kidole, akalinusa.

Akapiga chafya.

Hakuna aliyecheka. Babu aligeuka akamtazama nyanya aliyesimama mlangoni na kitambaa chake cheupe. Nyanya aliutazama ule unga, nikaona mikono yake ikijificha ndani ya leso. Neno moja tu, ugoro, lingetosha. Babu angebaki na kazi na nyumba, nyanya angebaki bila jina kanisani, na labda bila ndoa.

"Nimekosea mimi," babu akasema. "Nilikatizwa, sikuanza upya. Moja imepita na uchafu."

"Wewe? Wewe unayehesabu hata nzi wa humu ndani?"

"Nimekosea, Mkubwa."

 Naamini mwenye shamba angesamehe kosa. Ila hakuamini kwamba mtu yule anaweza kukosea, na huko ndiko sifa ya babu ilikomfikisha. Alitupa siku tatu tuhame.

Tulihamia mtaa wa Free Area hapa Nakuru, chumba kimoja na nusu. Babu akapata kazi ya mlinzi kwenye duka la misumari na mabati, akipekua mifuko ya wateja wanaotoka, kazi iliyomfaa kama glavu. Nyanya aliniuliza mara moja tu, tukichambua mboga, kama ule mzigo nilimfikishia jirani. Nikasema ndiyo. Jirani alikuwa amemwambia haukufika. Nikadhani nyanya ameamua jirani ndiye mwongo, hata pengine ndiye aliyetaka kumwangusha, na hawakuandikiana wala kutumiana salamu hadi kufa. Mwenye shamba alikufa akimshuku babu, babu alikufa, nilivyodhani, akimshuku nyanya. Watu wazima wanne walishukiana miaka na mikaka, na aliyestahili kushukiwa akasomeshwa kwa mshahara wa mlinzi hadi chuo kikuu, ambako aliandika tasnifu ndefu kuhusu uaminifu.

Lile shamba sasa limekatwakatwa vipande, kila kipande na ua wake na mbwa wake. Stoo ilibomolewa, mbao zikawa kuni. Nguruwe, nasikia, hawaonekani tena.

Baada ya kununua unga nilikaa kwenye gari pale nje ya supamaketi, nikaligeuza ganda. Lilikuwa limesuguliwa kwa majivu na limau, linang'aa. Kwenye ukingo wa kitako lina alama tatu za tupa, na fataki yake ina kovu la kugongwa. Nikang'oa gunzi. Hamkuwa na ugoro. Mlikuwa na karatasi iliyoviringishwa, ya kahawia kwa madoa, na nilipoinyoosha nikaona miraba ya daftari la hesabu. Mwandiko ni wangu. Chini yake kuna jumla yangu, si sahihi, na wino mwekundu wa mwalimu: Rudia.

Babu alikuwa na siku tatu za kuhamisha stoo. Mtu yule hangeacha ufa wa ukuta bila kuuchungulia. Aliipata, akaifunga ndani ya ganda lile lile la mezani, akampa nyanya, na nyanya akalitembeza kanisani kila Jumapili hadi alipokufa. Walijua. Nyanya alipouliza kama mzigo ulifika, alikuwa ananipa nafasi, nami nikaikataa huku nikitoa mshipa kwenye jani la sukuma.

Hakuna wa kumwambia tena. Pale mlangoni mlinzi alikuwa bado anapekua watu, mmoja mmoja, bila haraka. Nikashuka kwenye gari, sijui kwa nini, nikasimama kwenye lami na kugeuza mifuko ya koti langu nje, yote miwili.